Oili Katika Maji ya Rejeta

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa madereva na mafundi wa malori. Yamechapwa hapa kwa kuwa wanachama wengi waliokuwa safarini waliyaomba.



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni oili ya injini kuingia katika maji ya rejeta. Huenda mwingine akasema, hilo ni jambo la gereji, laingia vipi katika mkutano wa Chama? Laingia hivi. Lori likirudi yadi na rejeta imejaa uchafu mzito kama uji wa wimbi, neno la kwanza la tajiri ni kwamba dereva ameendesha injini bila maji. Neno la pili ni mshahara. Na dereva asiyejua uchafu ule umetoka wapi hana la kujibu. Hunyamaza, na kunyamaza kwake huandikwa kuwa amekubali kosa. Kwa hivyo leo tutajifunza injini, na sheria tutaigusa mahali inapohusika.

Ndani ya injini mna njia mbili zinazopita karibu karibu bila kukutana. Moja ni ya oili, inayosukumwa na pampu kutoka sampu mpaka kwenye beringi za kranki na juu kwenye valvu. Nyingine ni ya maji, inayozunguka silinda na hedi kisha kwenda kupoa katika rejeta. Mahali pengi kinachozitenga ni ukuta wa chuma tu, au gasketi, au pete ya mpira isiyozidi unene wa uzi wa kiatu. Ukuta huo ukitoboka, au mpira huo ukikauka, njia hizo hukutana.

Sasa sikilizeni sana hapa, maana ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Injini ikiwa inazunguka na imepata moto, nguvu ya oili katika injini nyingi ni kama pauni 45 hadi 60 kwa kila inchi ya mraba. Nguvu ya maji haizidi ile inayozuiwa na kifuniko cha rejeta, ambayo kwa magari mengi ni pauni 13 hadi 16. Mwenye nguvu humsukuma asiye na nguvu. Basi injini ikizunguka, oili ndiyo inayoingia katika maji. Lakini ukizima injini, nguvu ya oili huanguka mara moja ikawa si kitu, na maji yangali moto yamebana vile vile kwa muda mrefu. Hapo mambo hugeuka, na maji huweza kupita katika tundu lile lile kuingia katika oili.

Ndiyo maana dereva huona oili katika rejeta jioni, na fundi huona maji katika sampu asubuhi, wakaanza kubishana kana kwamba ni magonjwa mawili. Huenda ni ugonjwa mmoja, uliotazamwa saa mbili mbalimbali.

Oili katika maji si uchafu wa kuchukiza macho tu. Oili hupitisha moto vibaya, kama robo tu ya vile maji yanavyopitisha, nayo hujipaka ndani ya vijia vyembamba vya rejeta kama mafuta yanavyojipaka katika sufuria. Injini huanza kuchemka hata rejeta ikiwa imejaa. Mipira ya maji nayo hulainika na kuvimba. Na kama maji yameingia upande wa oili, hilo ni baya zaidi, maana beringi za kranki huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na oili iliyochanganyika na maji haiwezi kuzibeba. Injini hunoki. Mtu anayewaambia mmalizie tu safari mpaka Nairobi hajui anachokisema, au anajua lakini injini si yake.

Basi tutazame dalili. Fungua kifuniko cha rejeta au cha kopo la akiba injini ikiwa baridi kabisa. Narudia, baridi kabisa. Hapa Nairobi, kwa sababu ya kuwa juu ya bahari kwa mita karibu 1,700, maji ya wazi huchemka kwenye digrii 94 au 95 hivi. Yakibanwa na kifuniko huweza kufika digrii 110 na zaidi bila kuchemka. Mara tu unapofungua, kile kilichokuwa kinayazuia kimeondoka, na yote hulipuka kwa mvuke usoni pako. Nimewaona wenzetu wenye makovu ya jambo hili kutoka kidevuni mpaka kifuani.

Ukiona kitu kama chai ya maziwa iliyoganda, au uji wa wimbi, hiyo ni oili ya injini iliyopigwa na pampu ya maji mpaka ikachanganyika. Ukiona rangi ya waridi kama maziwa yenye sharubati, na gari ni la giaboksi otomatiki, usiiguse hedi. Hiyo ni oili ya giaboksi. Katika magari mengi ya namna hiyo oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe, katika bomba lililozamishwa kwenye maji, na bomba hilo likipasuka vitu hivyo viwili hukutana. Hapo rejeta hubadilishwa, na giaboksi huoshwa upesi, kwa kuwa maji huharibu bamba zake.

Tena kuna dalili za uongo. Kutu iliyochanganyika na ule unga wa kuziba matundu ya rejeta hufanya tope la kahawia lisilo na oili hata kidogo. Kulanti za aina mbili zisizopatana zikimiminwa pamoja huweza kuganda kama mlenda. Chovya kidole, kisha ukisugue katika maji safi. Tope la kutu hutoka, oili hubaki ikiteleza. Na ule ute mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, hasa kwa magari yanayolala Limuru au Timboroa na kwenda safari fupi fupi, mara nyingi ni mvuke wa baridi tu. Kama kijiti cha oili ni safi na maji hayapungui, usimwache mtu akushushie injini kwa ajili ya ute huo. Jambo jingine, ulizeni kwanza kama hakuna aliyemimina oili katika rejeta kwa haraka ya usiku. Yametokea.

Tukishakubaliana kwamba ni oili kweli, imepitia wapi? Watu wengi, na mafundi wengi pia, husema papo hapo: gasketi ya hedi imeungua. Huenda ni kweli. Katika gari dogo la petroli lisilo na kipoza oili, gasketi ya hedi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Lakini katika lori la dizeli mimi huanza na kipoza oili, kile mafundi wanachokiita oili kula. Kimo katika injini nyingi za dizeli, mara nyingi kimefichwa ubavuni mwa bloku karibu na filta, na kazi yake ni kuipoza oili kwa kutumia maji yale yale ya rejeta. Ni bamba nyembamba zilizounganishwa, oili ndani, maji nje. Hicho hapo mezani nimekikata kwa msumeno ili muone. Tazameni wembamba wa ukuta wake, kisha mniambie kama ni ajabu kutoboka baada ya miaka ya kuwekewa maji ya chumvi ya visima.

Basi jinsi ya kutofautisha. Kipoza kikitoboka, oili hupungua kwenye kijiti, maji hujaa oili, lakini injini yenyewe hupiga vizuri. Haitoi moshi mweupe, haikosi nguvu mlimani, na mara nyingi haikuchemka kabla ya oili kuonekana. Gasketi ya hedi ikiungua, au hedi ikipasuka, kwa kawaida kuna jambo la zaidi. Mpira wa juu wa rejeta huwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini baridi, kabla maji hayajapata moto wa kuyabana. Mapovu hutoka katika rejeta mfululizo. Asubuhi injini hutikisika kidogo kwa silinda moja, na ekzosi hutoa moshi mweupe mtamu puani. Lakini angalieni, gasketi huweza kuungua mahali pamoja tu, kati ya tundu la oili iendayo kwenye valvu na tundu la maji, na hapo hamtaona mapovu wala moshi. Kwa hivyo dalili peke yake haitoshi. Ni lazima kupima.

Ya kwanza ni kipimo kisicho na gharama. Liache gari lilale usiku kucha, na asubuhi kabla ya kuwasha legeza bolti ya sampu pole pole, bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini. Kama yamo, yatatoka ya kwanza. Hapo mmejua kwamba injini haifai kuwashwa.

Ya pili ni dawa ya kupimia hewa ya moto. Ni maji ya buluu katika chupa, huwekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikizunguka. Kama hewa iliyoungua katika silinda inaingia katika maji, buluu hugeuka manjano kwa injini ya petroli, au kijani kwa dizeli. Hushinda kubahatisha.

Ya tatu ndiyo inayomaliza maneno. Toa kipoza oili, ziba tundu moja, tia upepo wa kompresa katika tundu jingine, kiasi cha pauni 50 hivi na si kuzidi kile kitabu cha injini kinachoruhusu, kisha kizamishe katika ndoo ya maji ya moto. Si ya baridi. Ufa mwembamba hujifunga chuma kikipoa na hufunguka kikipata moto, na vipoza vingi vimerudishwa katika injini vikisemwa ni vizima kwa sababu vilipimwa katika maji ya bomba. Kitoapo mapovu, hapo ndipo palipotoboka. Tazameni pia zile pete za mpira na gasketi zake. Huenda kipoza ni kizima na mpira ndio uliokauka.

Kwa malori yenye breki za upepo kuna mshukiwa mmoja anayesahauliwa, nao ni ule mtambo wa upepo unaoendeshwa na injini. Mingi hupozwa kwa maji ya rejeta na kulainishwa kwa oili ya injini. Gasketi ya kichwa chake ikiungua, husukuma upepo katika maji, mapovu huonekana, na mtu hufungua hedi ya injini bure. Funga kwa muda njia zake za maji, lori likiwa limesimama yadini, uone kama mapovu yanakoma.

Nitatoa mfano mmoja. Dereva wa kampuni moja, ambayo sitaitaja, alitoka Mombasa na shehena, na alipofika Mtito Andei akaona kopo la akiba limejaa uji. Mshale wa moto ulikuwa mahali pake. Alizima, akapiga simu, akaandika saa, mahali, na namba ya mwendo katika karatasi, kisha akakataa kuendelea. Kwa hilo aliitwa mkaidi. Lori lilivutwa, na yadini likaandikwa: hedi imepasuka, dereva alichemsha injini, gharama ikatwe kwake kwa miezi. Mjumbe wa Chama alifanya jambo moja tu la busara. Aliomba kwamba kabla hedi haijafunguliwa, kipoza kipimwe mbele ya watu wote. Kilizamishwa katika maji ya moto, na mapovu yakatoka kama samaki anapumua. Hedi haikuguswa. Kazi iliyosemwa itachukua wiki nzima iliisha siku mbili, na ile karatasi ya makato ikachanwa.

Hapa ndipo sheria inapogusa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki katika mshahara kwa mali iliyo mikononi mwa mwajiri ikiharibika au kupotea, lakini ni pale tu uharibifu umetokana na mfanyakazi kuacha wajibu wake kwa makusudi. Kipoza kilicholiwa na kutu hakina makusudi ya mtu. Na makato yote yakijumlishwa hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Tena kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kazi kwa kosa, ni lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa Chama wa mahali pa kazi, na kusikilizwa. Itumieni haki hiyo kabla spana haijashikwa, kwa maana injini ikishafunguliwa ushahidi umekwisha.

Sisemi kwamba dereva hana kosa kamwe. Dereva anayeona mshale umeingia katika wekundu naye akapanda Mai Mahiu hivyo hivyo ili awahi, huyo Chama kitamtetea kwa shida sana.

Sasa dawa. Kwanza ziba tundu, ndipo uoshe. Nimeona watu wakiosha rejeta mara nne kabla ya kujua oili inatoka wapi, wakishangaa inarudi. Kipoza kilichotoboka hubadilishwa, hakichomelewi, na pete zake za mpira huwekwa mpya zote. Kama ni hedi, bolti hulegezwa injini ikiwa baridi, kutoka pembeni kwenda katikati. Hedi hupimwa kwa rula ya chuma na fila geji. Kwa injini nyingi ndogo mkunjo ukizidi milimita 0.05 hupelekwa mashineni kusawazishwa, lakini kila injini ina kiwango chake katika kitabu. Matundu ya bolti yakaushwe, maana oili iliyobaki ndani, bolti ikikazwa, huweza kupasua bloku. Kukaza ni kutoka katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa spana ya kupima nguvu. Bolti za aina ya kunyooka hazirudishwi mara ya pili. Haya mafundi wanayajua, sitayarefusha.

Kuosha ndiko kunakofanywa vibaya, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Mwaga maji yote, ya rejeta na ya bloku, bloku nayo ina bolti yake. Toa thamostati ili maji yazunguke kila mahali. Kama kuna hita ya kabini, ifungue mpaka mwisho. Jaza maji pamoja na dawa ya kuondoa mafuta inayoyeyuka katika maji, au ule unga wa kuoshea vyombo katika mashine, kwa sababu hautoi povu. Sabuni ya unga ya nguo hutoa povu, na povu halina nguvu ya kupoza, injini itachemka ikiwa imejaa. Zungusha injini mpaka ipate moto wa kawaida, dakika 15 au 20, izime, ingoje ipoe mpaka uweze kuishika kwa mkono, ndipo umwage. Usitie maji baridi katika injini ya moto, utapasua hedi uliyotoka kuifunga. Rudia. Mara 3 ni kidogo, mara 6 si ajabu. Maji yakitoka safi, zungusha tena maji matupu mara 2 ili dawa isibaki kula alumini.

Petroli, dizeli wala mafuta ya taa yasiingie katika rejeta. Mtu atawaambia yanakata oili vizuri, na kweli yanaikata, lakini yanaharibu mipira, na mvuke wake karibu na ekzosi ya moto ni kuomba moto. Kostiki soda nayo hula alumini. Rejeta iliyojaa sana ni heri kuitoa na kuipitishia maji ya moto kinyume, kutoka chini kwenda juu. Mipira iliyolainika, thamostati, na kifuniko cha rejeta, badilisheni. Tajiri akilalamika bei yake, mwonyesheni bei ya kranki.

Oili ya injini na filta yake hubadilishwa pia, hata kama kijiti kinaonekana safi, kwa ajili ya yale maji ya usiku niliyoyasema. Kisha jazeni kulanti nusu na maji safi nusu, si maji ya kisima chenye chumvi.

Jambo la mikono na mazingira. Oili iliyotumika ikikaa katika ngozi kwa miaka huleta saratani, kwa hivyo glavu si anasa, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kuzitoa. Kulanti nyingi zina sumu iliyo tamu mdomoni, na mtoto au mbwa akiikuta katika beseni ataionja. Kile mnachomwaga kiwekwe katika pipa lenye kifuniko, kisipelekwe mtaroni.

Baada ya kazi, lori lisafiri karibu, kilomita 200 hivi, kisha fungueni rejeta ikiwa baridi. Utando mwembamba juu ya maji ni mabaki, utolewe kwa karatasi. Tazameni tena baada ya kilomita 500. Kama utando unapungua, mmemaliza. Kama unaongezeka na oili inashuka kwenye kijiti, tundu bado liko, na mrudi kwenye ndoo ya maji ya moto. Andikeni kila mara katika kitabu cha lori: tarehe, mwendo, kimo cha oili, kimo cha maji, na sahihi ya dereva pamoja na ya fundi.

Bwana Mwenyekiti, kipoza hicho sasa kipitishwe mkono kwa mkono mpaka nyuma. Kingo zake ni kali, shikeni kwa kitambaa. Mwenye swali na aulize.